Wamenivurugia Berlin yangu

Kwanza nieleweke: sina ugomvi na mchezo wenyewe, mchezo wa kuigiza wa kusikiliza. Au ninao kidogo, nitafika huko. Ugomvi wangu ni na programu ya simu niliyousikilizia (si ya waliotengeneza mchezo, ni ya watu wengine kabisa), na zaidi ni na yule aliyenijibu nilipolalamika.

Mchezo unaitwa The Shadow Vortex, umo kwenye seti ya Agents of Chaos ya Big Finish, kampuni ya Uingereza ya michezo ya sauti, ya mwaka 2016. Ni Doctor Who, ile hadithi ya runinga ya Uingereza ya msafiri wa wakati aitwaye Doctor, ila hii ni ya kusikiliza tu, na Doctor mwenyewe anaigizwa na John Hurt, yule mzee wa vitani aliyetokea kwenye runinga mwaka 2013, ambaye hata jina la Doctor hataki kuitwa. Hapa anatumwa kwa siri Berlin Mashariki, mwaka 1961, kumsaka wakala wa Dalek, wale maadui zake wa kutoka sayari nyingine wanaokaa ndani ya magamba ya chuma. 1961, jamani! Mwaka ambao Agosti watu walilala mji mmoja, wakaamka umekatwa katikati kwa senyenge. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa hadithi za makachero kama mimi, hapo hela yangu ilikuwa imesharudi kabla sijabonyeza chochote.

Nikabonyeza. Kipande cha kwanza safi kabisa. Halafu ghafla watu wanagombana kwa jambo ambalo halijatokea, wanatajana majina kama wamekula chumvi pamoja miaka, na mimi hata salamu zao sijazisikia. Nikajisemea, ah, wasafiri wa wakati hawa, ndio ufundi wao. Nikavumilia. Sasa kwenye mchezo wa redio huna sura ya mtu wala nguo ya kushika. Una sikio tu. Likipotea hilo, umepotea wewe. Mara napelekwa mwisho, mara narudishwa mwanzoni, hadi nikatazama ile orodha: kipande cha 1, kikafuata cha 10, kikafuata cha 11, na huyo wa 2 kasukumwa huko chini. Programu inapanga namba kama herufi! Kosa ambalo mtoto wa chekechea angelirekebisha kwa vidole.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zangu zote. Jibu: "Mpendwa mteja, hadithi hii inahusu kusafiri katika wakati, hivyo matukio yanaweza yasifuatane. Furahia!" Furahia? Nikamjibu, dada yangu, sizungumzii hadithi, nazungumzia namba, 2 inakuja baada ya 1 tangu enzi za mababu. Akarudi: "Asante kwa maoni yako. Tafadhali tupe nyota." Niliwapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hakuna.

Basi nikausikiliza upya, nikigusa kipande kimoja kimoja kwa mkono. Na hapo, nisiseme uongo, hasira zilishuka. Sauti ya Hurt imekwaruzika, imechoka, halafu ina amri ndani yake. Akinong'ona unanyamaza wewe uliye peke yako chumbani. Alifariki Januari 2017, na bado sauti ile inanifanya nigeuke kuangalia mlango. Yupo na Jacqueline Pearce, anayeigiza Kardinali Ollistra, mkubwa wa vita upande wa Doctor, mwanamke anayetuma watu kwenye kifo kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai. Na Dalek wakianza kufoka kwa ile sauti ya bati, mimi huwa napunguza sauti, majirani wasije wakagonga.

Nyota tano basi? Ngoja. Ulivyonyooka nilianza kuona unaeleza mno, kila mtu anamwambia mwenzake anachokijua tayari ili sisi tusikie. Kachero gani anasema hivyo? Ule uliovurugwa ulinikera, lakini ulinitoa jasho, nilikuwa nakisia kila sauti ni ya nani. Sijui. Nne. Tatu na nusu kama umeshiba. Hapana, kwa Hurt peke yake rudisha nne, na anayesema ovyo juu yake tusijuane.

Programu nimeifuta, kisha nimeirudisha, maana nilichonunua kimo humo humo. Juzi nimefungua kipindi cha pili cha seti, The Eternity Cage. 1, 10, 11.