Muungwana ni vitendo: uzoefu wangu na riwaya nyepesi za Regency

Nikifungua riwaya ya Regency, jambo la kwanza ninalolitazama ni namna mwanamume anavyosema na mtumishi, na mtoto, na yule ndugu ambaye ukoo mzima unamcheka. Sura tatu za mwanzo zinatosha. Akiwa mpole kwa bibie peke yake na kila mtu mwingine anakaripiwa, mimi hufunga kitabu, maana upole wa namna hiyo huisha wiki ya pili baada ya harusi.

Kwa asiyezijua: Regency ni kipindi cha Uingereza kuanzia tarehe 5 Februari 1811 hadi 29 Januari 1820, ambapo Mfalme George wa Tatu aliugua akili na mwanawe akashika nafasi kama kaimu. Jane Austen alichapisha vitabu vyake ndani ya miaka hiyohiyo, ila yeye alikuwa akiandika mambo ya siku zake. Aliyeigeuza enzi hiyo kuwa tawi zima la riwaya pendwa ni Georgette Heyer (1902–1974), aliyeanza kuiandikia mwaka 1935. Kutoka kwake tukapata mseto tunaoujua: mazungumzo makali ya kuchekesha, uchumba wa uongo, shangazi mkorofi, magari ya farasi, na posa katika kurasa za mwisho. Vinasomwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kina miba, nitakuja huko.

Watu huuliza raha iko wapi katika hadithi ambayo mwisho wake unaujua. Jibu langu liko kwenye sheria za wakati ule. Mwanamke akiolewa, fedha na vitu vyake viligeuka mali ya mume, isipokuwa kama wazazi walikuwa wameandikisha mkataba wa kumlinda kabla ya ndoa. Watoto walikuwa chini ya mamlaka ya baba. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na hali hiyo iliendelea hadi 1857. Haki ya mke kumiliki mali yake mwenyewe ilikuja kwa vipande, 1870 kisha 1882. Sasa mweke msichana wa miaka 19 mbele ya sheria hizo umpe wachumba wawili: mmoja kiwembe mzuri wa sura, mwingine mtu wa kawaida mwenye huruma. Kosa lake halirekebishiki. Ndiyo maana mwanamume anayemletea mwanamke shali kabla hajaanza kutetemeka ana uzito kuliko anavyoonekana. Vichekesho vinaelea juu ya maji marefu, na mwandishi hodari hakuambii kina chake.

Kitabu ninachokitumia kama kipimo ni Cotillion, cha Heyer, kilichotoka 1953. Kitty Charing amelelewa na mzee bahili ambaye anatangaza kwamba atamwachia mali yake yote, kwa sharti aolewe na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Kitty anamtaka Jack: mrefu, mtanashati, mwenye kujiamini, yaani yule ambaye vitabu vingine vingemfanya shujaa bila kufikiri mara mbili. Jack haji. Anakuja Freddy Standen, mtoto wa kwanza wa vaikaunti (kimojawapo cha vyeo vya malodi), ambaye hana shida ya fedha na hakuja kuposa. Kitty anambembeleza wajifanye wamechumbiana ili apate mwezi mmoja wa kuiona London. Freddy anakubali kwa sababu ameshindwa kumwacha analia.

Freddy hana akili ya vitabu. Akipelekwa British Museum kuzitazama sanamu za Ugiriki zilizonunuliwa na serikali mwaka 1816, anakasirika kwamba watu wanaonyeshwa vitu vilivyovunjika, havina hata vichwa. Lakini Freddy anajua rangi ipi itamkaa Kitty na ipi itamfanya aonekane mgonjwa. Anajua nani asalimiwe kwanza, dansi gani asicheze kabla hajaruhusiwa, mtaa gani mwanamke asipite peke yake. Katika mji ambao heshima ya binti inaweza kuharibika kwa matembezi ya dakika kumi, ujuzi huo ni kinga. Kuna mahali Kitty anamwambia dada yake Freddy kwamba siku hizi hakuna mtu anayehitaji mwanamume wa kuua majoka. Mtu wa kukutoa kwenye aibu ya hadharani ana faida zaidi. Kitabu chote kiko humo.

Ufundi wenyewe uko wapi? Heyer hampi Freddy hotuba hata moja ya kueleza wema wake. Anampa kazi. Kitty ana tabia ya kubeba matatizo ya watu: kuna Dolphinton, bwana mwenye akili nzito anayetishwa na mama yake mzazi, kuna binti mrembo ambaye mama yake anataka kumwuza kwa mzee tajiri, kuna binamu Mfaransa mcheza kamari. Kila tatizo linamwangukia Freddy, na kila mara analalamika kwanza, halafu anashughulika. Malalamiko hayo ni muhimu. Wema usiolalamika unachosha, unafanana na picha ya mtakatifu ukutani. Tazama pia anavyoongea na Dolphinton, polepole, bila kumdhihaki, wakati Jack anamfanya kichekesho. Waandike wawili hao kwenye karatasi, uone kila mmoja anavyowatendea wanyonge, na utajua kitabu kinakwenda wapi kabla ya nusu. Ndiyo, nimetoboa siri. Haiharibu chochote, kwa sababu utamu ni kungojea Kitty atambue.

Nyota tano. Kasoro ni kwamba sura za mwanzo zimejaa majina, ndugu wote wakiwa sebuleni kwa wakati mmoja. Soma mpaka Freddy atokee kwenye hoteli ya njiani ndipo uamue.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa kuliko «gentleman» la Kiingereza. Muungwana zamani alikuwa mtu huru, mwenye nasaba. Leo ni mtu mwenye adabu, na methali imeshaamua kesi kwamba muungwana ni vitendo. Riwaya hizi zinacheza katika pengo hilohilo. Jack ni muungwana wa nasaba. Freddy ni wa nasaba na wa vitendo. Msomaji wa Kiswahili anaingia akiwa na ufunguo mkononi.

Si vitabu vyote vya mashujaa wapole vinavyofaulu. Ugonjwa unaojirudia ni upole usio na gharama: mwanamume mwema tangu ukurasa wa kwanza, hana anachokosa, hapotezi kitu, naye mwanamke anampenda upesi. Hapo mwandishi, akiona hadithi imepoa kama uji wa jana, anaingiza kutoelewana ambako sentensi moja ingekumaliza: barua iliyopotea, mazungumzo yaliyosikiwa nusu, au utekaji nyara wa ghafla katika robo ya mwisho. Ukiona mtekaji anajitokeza kwenye kitabu kilichokuwa cha vichekesho, jua mafuta yalikwisha. Dawa ni mwandishi kuupa upole wenyewe matatizo. The Foundling (1948) inafanya hivyo vizuri: dyuki kijana, yatima, amelelewa na mjomba na watumishi wanaompenda mpaka hawezi kupumua, naye hawezi kuwagombeza kwa sababu hataki kuwaumiza. Wema wake ndio jela yake, basi anatoroka kwa jina la uongo ili ajue kama anaweza kujitegemea. Nyota nne, mapenzi yenyewe yamepewa nafasi ndogo.

Ugonjwa mwingine ni wivu uliovishwa joho la ulinzi. Akimkataza mwanamke kuongea na watu, akimfuatilia, akimshika mkono kwa nguvu, muhtasari wa jalada la nyuma utasema anamlinda. Mlinzi wa kweli humpa mwanamke habari kisha humwachia uamuzi. Kuna alama ndogo isiyonidanganya mara nyingi: harusi ya haraka. Mwanamume akisema wakimbilie Gretna Green, kijiji cha mpakani Scotland ambako sheria ya Uingereza ya kudai idhini ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 21 haikufika, hajamfikiria mwenzake. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka London, siku kadhaa ndani ya gari la farasi, na mwanamke akirudi jina lake limekwisha kuliwa. Mwanamume mwenye utu hungoja matangazo ya kanisani Jumapili tatu, au kama kuna dharura huomba kibali maalumu kutoka ofisi ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kinachoruhusu ndoa saa yoyote na mahali popote.

Sasa miba ya lugha. Neno «ton» si tani ya uzito. Ni Kifaransa, maana yake jamii ya wakubwa wa mjini, na wageni wengi hujikwaa hapo ukurasa wa pili. Mahari nayo inageuka: mali inatoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa bwana, kwa hiyo ukisoma kwamba binti ana pauni 20,000, hiyo ndiyo sababu ya foleni mlangoni. Kipato cha mwanamume hutajwa kwa mwaka, si kwa jumla ya mali. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12. Vyeo kutoka juu ni dyuki, makwesi, eli, vaikaunti, baroni. Baroneti anaitwa Sir na anarithisha cheo, lakini hana kiti katika baraza la malodi. Almack's ni ukumbi wa dansi wa London uliofunguliwa Jumatano wakati wa msimu, yaani miezi ya karamu na kutafuta wachumba mjini, ukiendeshwa na akina mama wa tabaka la juu waliotoa vibali vya kuingia, na mlango ukifungwa saa tano usiku. Ukinyimwa kibali, msimu wako umekufa. Heyer anaongeza maneno ya mitaani na ya wacheza ngumi, hasa ya ulevi na madeni. Usifungue kamusi kila mstari. Nia ya anayesema iko wazi hata kama neno limejificha. Ukikwama mara nne kwa ukurasa mmoja, tafuta kitabu cha kusikiliza: msomaji mzuri wa sauti hukuonyesha mzaha kwa toni tu. Usiharakishe kasi, maana vichekesho vya Heyer vinakaa kwenye kituo kifupi kabla ya jibu.

Kuhusu chumbani: Heyer hafungui mlango huo kabisa, busu moja mwishoni na basi. Waandishi wa sasa wengi hufungua. Julia Quinn, ambaye vitabu vyake vilitengenezewa tamthilia ya Netflix mwaka 2020, ana ucheshi wa familia mtamu kweli, lakini katika The Duke and I (2000) kuna tukio la mke kumwendea mume aliyelewa bila ridhaa yake, nami siwezi kukiuza kama kitabu chepesi. Ukitaka vya mlango uliofungwa, soma maelezo ya wasomaji, usiamini jalada. Jalada la mwanamume aliyefunguka shati hubandikwa hata kwenye hadithi ya kunywa chai.

Tena kuna ukimya. Karibu kila mtu kwenye vitabu hivi anakula sukari, na hakuna anayeuliza ilitoka mashamba gani ya Karibi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni hayo ulifutwa kwa sheria ya 1833. Anayesoma akiwa Zanzibar au Bagamoyo hatahitaji kuelezwa kwa nini hilo linagusa. Na The Grand Sophy (1950), kinachopendwa na wengi, kina mkopeshaji fedha Myahudi aliyechorwa kwa chuki ya wazi. Huwezi kuliruka tukio hilo, limekaa katikati ya hadithi. Shujaa wake pia ni mkali wa kuwaka ovyo. Nyota mbili kwangu, pamoja na ucheshi wake wote.

Mwenye kuanza leo asianze na hicho. Aanze na Frederica (1965), kwa sababu Kiingereza chake ni laini zaidi na upole wa mwanamume unazaliwa mbele ya macho yako. Makwesi wa Alverstoke ana miaka 37, tajiri, amechoka na kila kitu, anakubali kuwasaidia ndugu wa mbali ili tu amkere dada yake. Halafu anakutana na Felix, mtoto wa miaka 12 anayependa mashine, na mbwa mkubwa anayetimua ng'ombe bustanini, na kabla hajatambua anajikuta anakaa usiku kucha kando ya kitanda cha mgonjwa. Hakuna mahali anaposema amebadilika. Beba subira kwa kurasa 60 za kwanza, ambako bado anaudhi. Mbwa akishaingia London, hutakiweka chini.