Uzoefu wangu wa kudai pesa ya umra ya mama baada ya ejensi kufungwa

Naanza na yule kijana wa mlangoni kwa sababu yeye ndo aliyenifanya niandike, pesa ningeweza kuzisubiri. Ofisi ishafungwa, geti la chuma limeteremshwa nusu, ndani taa zinawaka na watu wanasikika wakizungumza, mama yangu kasimama ngazini na bakora yake, na huyu kijana simu i mkononi hata macho hainui, anamwambia mtu mzima: "Bi mkubwa, umra ni nia, na nia yako ishaandikiwa thawabu zake, sasa pesa unaitakia nini tena?"

Wallahi nilitetemeka. Mama hakumjibu kitu. Alinishika mkono tu, akasema twende mwanangu.

Sasa nieleze vizuri, maana nikiandika kwa hasira nitaruka. Mama anakaa Konde, Pemba. Pesa ile ni ya karafuu, na si ya msimu mmoja, ni ya misimu, ya kuchuma na kukaa usiku kuchambua na kuanika na kukimbilia majamvi mvua ikianza, halafu unapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, unapima, unachopata unatia akiba. Alitaka umra ya Ramadhani, na kila Muislamu anajua kwa nini ya Ramadhani, imekuja hadithi kuwa malipo yake ni kama ya hija. Ejensi wakatwambia pakeji ina kila kitu, tikiti, viza, hoteli Makka na Madina, futari na daku. Tukalipa zote mwezi wa Rajab kwa sababu walisema bei itapanda. Wakati wa kupokea walikuwa wazuri, hilo sitawadhulumu, mama alipewa kiti chini ya feni na maji baridi na wakawa wanamwita Hajjati kabla hajavuka hata kisiwa cha Chumbe.

Shaabani ikaingia simu hazipokelewi. Grupu la WhatsApp likafungwa wakawa wanaandika maadmini peke yao, na wenyewe hawaandiki. Halafu ikaja mesej moja kuwa kampuni imesitisha shughuli kwa changamoto za kifedha na wateja tuwe na subra, na anayetaka kurejeshewa pesa afike ofisini mwenyewe, yule ambaye jina lake limo kwenye risiti, na risiti yake na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nikapiga, nikaandika, nikasema mama ana magoti, nipo mimi mwanawe niko hapahapa mjini, nitakuja na karatasi ya sheha wake, yaani kiongozi wa serikali wa mtaani kwake. Hapana, mwenyewe.

Basi mwenyewe akaja. Anayejua Pemba anajua Konde iko wapi na bandari ya Mkoani iko wapi, ni kisiwa kizima unakipita kwa gari kabla hujaiona boti. Kaskazi ilikuwa imepanda, na pale mkondo wa Nungwi mama alitapika mpaka wanawake asiowajua wakawa wanamshika kichwa. Kafika bandari ya Malindi, hapa Unguja, hana rangi. Akalala kwangu, asubuhi tukenda, na jibu lake ndo lile la nia na thawabu. Hawakuitazama hata hiyo risiti! Kitambulisho kilibaki mkononi mwa mama.

Na hili la kutumia dini ndo lililonichoma kuliko pesa yenyewe. Deni halifutwi kwa nia ya mdai. Tumesomeshwa chuoni tukiwa watoto kuwa hata shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni, leo kijana anayefanya kazi kwenye ofisi ya kupeleka watu Makka hajui hilo? Anajua. Aliona mwanamke mzee wa shamba akadhani atanyamaza.

Kesho yake nikenda ofisi ya shirika la ndege lililoandikwa kwenye karatasi yetu. Hapa nataka nimsifu mtu. Msichana wa kaunta aliichukua ile karatasi, akaniuliza nambari ya tikiti iko wapi. Nikamwonesha. Akasema hii siyo, dada, hii ni ya bukingi, ina herufi na tarakimu, jumla yake sita. Nambari ya tikiti ina tarakimu 13 na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe. Akatafuta kwenye kompyuta akanigeuzia skrini nione mwenyewe: nafasi ilishikwa, tikiti haikukatwa, muda ukapita, bukingi ikafutika. Shirika halikuwahi kupokea hata shilingi. Akainuka kitini akasema pole sana, mpe pole na mama. Yeye hakukosa chochote na pole kaitoa, na wale waliochukua pesa hawajaitoa mpaka leo.

Kwa hiyo hizo changamoto za kifedha mimi sizielewi. Ingekuwa wamekata tikiti halafu wakaanguka, hapo tungekuwa na kitu cha kushika, tikiti iliyokwisha kukatwa na kulipiwa mara nyingi shirika linaendelea kuitambua hata kama aliyeiuza kafunga duka. Lakini walikaa na pesa tangu Rajab, tikiti hawakukata, viza nayo baadae tukaja kujua haikuombwa. Pesa ilikwenda wapi?

Binamu yangu yuko Leicester, alikuwa amelipia safari kwa Thomas Cook, ile kampuni kongwe ya Uingereza tokea 1841, ikaanguka tarehe 23 Septemba 2019 asubuhi. Watu kama laki moja na nusu walikuwa nje, serikali yao ikakodi ndege ikawarejesha kwao. Yeye alikuwa hajasafiri, akajaza fomu kwenye mtandao akarejeshewa pesa zake, kwa sababu kule pakeji yenye ndege inakuwa na cheti cha ATOL na kampuni inachangia paundi 2.50 kwa kila abiria kwenye mfuko, ikifa kampuni mfuko unalipa. Hakuambiwa apande boti. Na hapa kwetu mgeni anayekuja Zanzibar tokea Oktoba 2024 analazimishwa kukata bima ya ZIC, shirika la bima la Zanzibar, dola 44, sawa, alindwe, ni mgeni wetu. Anayetoka je? Niliuliza kila nilipofika kama kuna mfuko wa mtu kama mama yangu, nikajibiwa mdaini mwenye kampuni.

Kituoni wakasema hii ni madai si jinai, nende mahakamani. Jirani yangu mwanasheria akanifahamisha kuwa kampuni ikifilisiwa, mteja aliyelipa mapema ni mdai asiye na dhamana, benki yenye rehani ina chake, mishahara na kodi zinatangulia, ndo mje nyinyi mgawane masalio. Nikaandika malalamiko ZFCC, tume ya ushindani halali ya Zanzibar inayopokea malalamiko ya wateja, nikaambatanisha risiti na zile mesej za malipo ya simu. Na wakati huohuo wanawake wa lile grupu tukatafutana, wengi wao watu wazima, wengine wa Makunduchi, wengine wa Wete, tukamwendea mzee mmoja wa msikitini anayeheshimiana na ukoo wa mwenye kampuni.

Mwenye kampuni akatokea. Na nikiri alikuja kwa adabu, akapiga simu Konde akamwomba mama radhi, akaandika hati mbele ya sheha, awamu ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Siku hizo nilitaka kuandika kuwa ni muungwana aliyefikwa na mtihani wa biashara, basi. Nilishaanza hata kuwaambia watu wampe muda.

Halafu ikaja karatasi ya hesabu, na ndani yake kuna makato: "gharama za uendeshaji wa safari." Safari gani? Tikiti haikukatwa! Viza haikuombwa! Mmeendesha nini? Nilipouliza nikaambiwa nisiwe mkali, mbona kubwa nishapata. Kubwa ni yangu na ndogo ni yangu, zote mama kazichuma mtini. Basi lile neno la uungwana nalirejesha, na anayeniuliza kama aende akafanye nao kazi wakifungua tena kwa jina jengine, namjibu asende.

Awamu ya mwisho ilikuwa iingie baada ya Idi, haijaingia. Mama anasema tumsamehe iliyobaki, mimi nimemwambia msamaha ni wake akitaka kuutoa, lakini makato sitayatia saini. Mliolipa pale na bado hamjaandika malalamiko, andikeni, na mesej za malipo msizifute, pigeni skrinshoti mumtumie mtu mwengine akuwekeeni. Wenye risiti za jina la mzee aliye shamba msimsafirishe, mwambieni sheha wake aandike barua, maana ZFCC malalamiko yangu waliyapokea bila ya mama kuwepo.