Harambe ya Florida: kuwalisha watoto katika bustani ya Animal Kingdom

Mswahili anayefika Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa Florida mwezi Aprili 1998, hukutana na kijiji kiitwacho Harambe, ambacho kuta zake zilizochubuka zimeigwa kutoka Lamu, ingawa jina lenyewe limepungukiwa na herufi moja. Tulikwenda huko na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 9, na ninachokipima hapa ni kama mzazi anaweza kuwalisha vizuri kutwa nzima bila kuwaharibia raha waliyoifuata.

Anaweza, na kinachomsaidia zaidi ni utaratibu wa kuagiza. Mwaka 2006 Disney iliamua kwamba mlo wa mtoto katika bustani zake uje na matunda au mboga, pamoja na maziwa yenye mafuta machache, juisi au maji, na anayetaka chipsi na soda aziombe mwenyewe. Watafiti waliochunguza mauzo ya Walt Disney World, eneo la burudani ambamo bustani hii imo, walichapisha mwaka 2016 kwamba karibu nusu ya milo hiyo ilibaki na matunda au mboga zake, na karibu theluthi mbili ilibaki na kinywaji chake bila kubadilishwa. Nami, nilipowaagizia wanangu chakula, nilinyamaza tu, na hakuna aliyeuliza chipsi zimekwenda wapi.

Kibanda ninachokisifu kuliko vyote ni Harambe Fruit Market, kinachouza matunda mazima na yaliyokatwa. Bei ni ya bustani, si ya sokoni, lakini tunda lililoliwa kabla ya kuingia foleni ya Kilimanjaro Safaris, matembezi ya gari ya kutazama wanyama, humtuliza mtoto, na mtoto asiye na njaa hababaishwi sana na harufu ya sukari iliyounguzwa. Harufu hiyo hutoka kwenye kibanda cha Mahindi, ambako nilitarajia gunzi la kuchoma lenye ndimu na pilipili, nikakuta bisi na karanga za sukari! Tamu Tamu, panapouzwa aiskrimu, angalau jina lake halimfichi mtu kitu. Tulikubaliana tangu asubuhi kwamba kila mmoja atapata kitamu kimoja kwa siku, na saa ya kukila ataichagua mwenyewe.

Tusker House ni mgahawa wa bafe ambamo Donald, yule bata wa katuni za Disney, na wenzake hupita mezani wamevaa kisafari. Kwa mtoto anayechagua chakula, bafe ina faida yake, kwani anaweza kuonja mboga kijiko kimoja bila mtu kulipia sahani nzima itakayotupwa. Jihadharini na juisi yao ya pasheni, machungwa na mapera, ambayo hunyweka kama maji ilhali ina sukari nyingi. Maji baridi yenyewe hutolewa bure, kwa kikombe, kwenye mikahawa ya haraka inayouza soda za mashine.

Bustani inaruhusu wageni kuingia na chakula chao, mradi kisiwe kwenye vyombo vya kioo, kwa hiyo tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na karoti. Bei ya mtoto huishia miaka 9. Mwakani mkubwa wetu atalipiwa kama mtu mzima. Bafe tutaiacha, na chapati zitaongezwa.