Pampu ya mafuta kwa gari la turbo na naitrasi: ipi ununue kwanza

Gari likiishiwa pumzi kwenye mwendo mkali, wengi wetu tunakimbilia kununua pampu kubwa. Mimi nasema usitoe hela kabla hujapima, kwa sababu pampu nyingi zinazong'olewa ni nzima kabisa.

Funga geji ya presha karibu na reli ya injekta, bomba linalogawia injekta petroli, kisha uiangalie injini ikiwa na mzigo. Chukua mfano wa EJ20 ya Subaru, injini ya turbo iliyojaa mitaani kwetu: presha ya msingi ni kama bar 3, mpira wa vakyumu wa regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa. Turbo ikisukuma bar 1, geji isome bar 4, yaani ile 3 ya msingi na 1 ya turbo, na ibaki hapo hadi mwisho wa mizunguko ya injini. Ikifika 4 halafu ikaanza kuteremka kadiri mizunguko inavyopanda, mafuta hayatoshi. Lakini bado usiende dukani. Badilisha filta, kagua chujio la ndani ya tangi, kisha weka multimita kwenye plagi ya pampu huku injini ikifanya kazi. Betri ikisoma volti 13.8 na pampu inapata 11.5, kinachotakiwa ni waya mnene kutoka kwenye betri na rilei yake (swichi ya umeme). Pampu yenye njaa ya umeme husukuma kidogo hata kama ni ya bei gani.

Kwenye gari lenye naitrasi, gesi ya chupa inayopulizwa kwenye injini kuongeza nguvu, jambo hili halina msamaha. Gesi hiyo ina oksijeni asilimia 36 kwa uzito, wakati hewa ya kawaida ina kama 23. Kwenye seti ya naitrasi inayopuliza gesi na petroli pamoja, ukibonyeza swichi, solenoidi ya petroli (valvu ya umeme) inakunywa kutoka njia ileile inayolisha injekta. Presha ya petroli ikidondoka, chupa ya gesi yenye presha ya psi 900 hadi 1,000 haijui. Inaendelea kumwaga oksijeni. Injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na kabla hujaondoa mguu pistoni imeshatoboka.

Piga hesabu ya mahitaji yako. Injini ya turbo hutumia takribani lita 0.37 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Gari la nguvu farasi 350 ukiliongezea 75 za naitrasi linakuwa 425, yaani kama lita 157 kwa saa. Ongeza robo ya akiba, unafika karibu 200. Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa presha ya karibu bar 3. Kwenye bar 4 pampu yoyote hutoa pungufu.

Nafasi ya kwanza naipa pampu ya Walbro 255, ile yenye namba ya modeli GSS342. Kwa hesabu hiyo ya juu inatosha, inaingia kwenye magari mengi ya Japani, na mafundi wetu wanaijua. Tatizo lake ni feki, na feki ni nyingi mno. Halisi ina namba zilizochongwa kwenye bati lenyewe. Yenye stika tupu, au inayouzwa kwa bei ya kutupa, iache hapohapo. Walbro ilinunuliwa na TI mwaka 1999, kwa hiyo usishtuke ukiona jina la TI Automotive kwenye boksi. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na kabla ya kufunga mwambie fundi apime mtiririko: lita 255 kwa saa ni zaidi kidogo ya lita 4 kwa dakika. Pimeni nje, mbali na cheche, kizimamoto kikiwa pembeni.

Ya pili ni AEM ya lita 320 au DeatschWerks DW300 ya lita 340. Ukipanga kuongeza turbo kubwa baadaye, anza na mojawapo ya hizi ili usinunue mara mbili.

Ya tatu, Denso mpya ya kiwandani. Ni kimya na inadumu, lakini ni ya gari ambalo halijaguswa. Ukishafunga naitrasi, iache.

Walbro 450 naiweka ya nne ingawa ndiyo inayotamaniwa zaidi. Chini ya nguvu farasi 500 inakuletea shida tu: inataka waya mpya, inakula zaidi ya ampea 15 presha ikipanda, na regyuleta ya kiwandani inaweza kushindwa kurudisha mafuta yote tangini, presha ikabaki juu hata gari likiwa limesimama.

Pampu ya mtumba, iwe ya Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, inafaa kukufikisha nyumbani. Kwa naitrasi hapana.

Pamoja na pampu, nunua swichi ya presha inayokata naitrasi mafuta yakipungua. Wengi huiweka chini ya bar 3, wakifuata presha ya gari likiwa limesimama. Kama unafungua gesi turbo ikiwa imeshajaa, presha sahihi wakati huo ni bar 4, kwa hiyo iweke kama 3.6. Ukiiweka chini ya 3, itakata wakati injini imeshaumia.