AS/400 ikiganda usikimbilie kulaumu diski: uzoefu wangu na WRKDSKSTS na DSPRCDLCK

Kazini tuna IBM i, mfumo wa kompyuta za biashara wa IBM, ile wazee bado wanaiita AS/400, na kila mwisho wa mwezi wimbo ni uleule, mfumo umeganda, diski zimechoka, nunueni mpya. Mimi kabla sijamkubalia mtu nafungua WRKDSKSTS, amri ya kuangalia hali ya diski. Imo humohumo kwenye mashine, hulipii, inakuonyesha kila diski imejaa asilimia ngapi na iko bize kiasi gani. Ila namba za mwanzo achana nazo, bonyeza F10 ianze kuhesabu upya, subiri dakika kama tano, halafu F5 uone namba mpya. Ubize ukikaa juu ya asilimia 40 muda mrefu ndo nashtuka. Na kwa vile hii mashine inasambaza data kwenye diski zote, ukiona moja inahema peke yake na wenzake wametulia, ujue kuna kitu, pengine iliongezwa na data haikusawazishwa.

Sasa juzi kati ubize wa diski zote uko chini ya asilimia 10 na kaunta wanapiga simu hawana hali. Nikaingia WRKACTJOB, amri inayoonyesha jobu, yaani kazi zinazoendeshwa na mfumo, zimejipanga LCKW, LCKW, LCKW, yaani zinasubiri loki, kufuli ambalo jobu nyingine imelishika, diski haihusiki kabisa. Nikapiga DSPRCDLCK, amri inayoonyesha nani ameshika rekodi, kwenye faili la wateja, rekodi moja tu, jobu moja ina HELD, yaani imeshika, aina UPDATE (ya kubadilisha), nyingine zote WAIT (zinasubiri), na jina la mtumiaji liko palepale. Nikampigia, "dada, hiyo skrini ya mteja toka kwanza", kumbe mwenyewe alikuwa anakunywa chai lol. Faili letu lina WAITRCD, yaani muda wa kusubiri rekodi, ya sekunde 60, ambayo ndo inakuja nayo, kwa hiyo mtu wa kaunta anatazama skrini imekufa dakika nzima ndo apate kosa.

Ninachokichukia DSPRCDLCK inaonyesha ya sasa hivi tu, loki ikishaachiwa umekosa, unabaki kuchimba joblogi, kumbukumbu za jobu, unatafuta CPF5027, ujumbe wa rekodi kushikwa na jobu nyingine. Na lazima ujue jina la faili, usipolijua ingia kwenye jobu yenyewe, chaguo la 12, uone loki zake.

Programu ilikuwa inashika rekodi hata kwa mtu anayeangalia salio tu. Programa akaweka (N) kwenye ile CHAIN, amri ya kusoma rekodi kwenye lugha ya RPG, isome bila loki, simu za kaunta zikapungua sana, na diski ni zilezile.