Tsavo Mashariki kutoka Mombasa: pesa hupotelea wapi

Watu wengi wa Mombasa wakipanga wikendi ya Tsavo Mashariki huanza kwa kusaka loji ya bei nafuu, na hapo hapo hesabu huanza kwenda kombo. Malazi ni kipande kimoja tu cha gharama. Kinachokula pesa zaidi ni gari la kuzungukia, kisha saa za mchana zinazopita bure na kiingilio kimeshalipwa. Hapa tumepima njia za kufika, mahali pa kulala na namna ya kuitumia siku moja ya mbugani, kwa jicho la familia au kundi la marafiki wanaolipa kwa shilingi.

Tuanze na gari. Mbuga hii ina zaidi ya kilomita za mraba 11,000, na bodaboda wala tuktuk haziruhusiwi kupita langoni. Utahitaji van ya watalii yenye paa la kufunguka, Land Cruiser, au gari lako. Van hukodishwa kwa siku, wala haihesabu vichwa. Tuseme ni shilingi 14,000: mkiwa wawili kila mtu anatoa 7,000, mkiwa saba ni 2,000. Hakuna punguzo la hoteli litakalowapa nafuu ya namna hiyo. Gari nalo hulipiwa kiingilio chake kulingana na idadi ya viti, na hicho pia mnagawana. Kwa hiyo tafuteni watu kwanza, chumba baadaye. Saba ndiyo idadi nzuri ya van, kwa kuwa kila mmoja hupata dirisha.

Kabla ya kutuma hata senti ya kushikilia gari, muulize mwenye gari mambo haya na majibu yaandikwe kwenye ujumbe: mafuta yamo? Posho na malazi ya dereva yamo? Kiingilio cha gari na cha dereva analipa nani? Siku inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi? Ugomvi mwingi wa safari hizi hutokea langoni, dereva akisema kiingilio cha gari hakimo kwenye bei. Van ya Mombasa itakutoza siku mbili pamoja na usiku wa dereva, ila inakurudisha hadi nyumbani. Van ya Voi, mji ulio karibu na lango la mbuga, inakutoza siku moja na kukuacha Voi. Mkiwa watano au zaidi, ya Mombasa mara nyingi haizidi sana ukijumlisha nauli zenu zote. Mkiwa watatu, chukueni ya Voi.

Gari dogo linafaa wakati wa kiangazi ukibaki kwenye barabara kuu za ndani, ile ya lango la Voi hadi bwawa la Aruba na kushuka lango la Bachuma. Vijia vya pembeni viachie magari ya juu. Mwezi wa Aprili, Mei na Novemba, mvua ikinyesha, usilipeleke kabisa: gari likikwama, gharama ya kuvutwa inameza akiba yote uliyoweka.

Sasa treni. Madaraka Express ni rahisi kwa mfuko. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500, na kushukia Voi ni chini ya hapo. Unakata tiketi kwa *639#, unalipa kwa M-Pesa, na tiketi inachapishwa stesheni ukiwa na kitambulisho. Fika stesheni ya Miritini saa nzima kabla, maana ukaguzi wa mizigo una foleni. Kasoro ni saa zake. Treni inayosimama vituo vya kati huondoka Mombasa saa 2 asubuhi. Ukishuka Voi, ukatafuta usafiri, ukakutana na gari lako na kufika langoni, jua limeshapanda na simba wamelala vichakani. Kurudi ni vivyo hivyo: ile inayotoka Nairobi saa 2 asubuhi hupita Voi mnamo adhuhuri, kwa hiyo siku ya mwisho inakatika katikati. Treni inafaa kwenda Ijumaa, ukalala Voi bila kuingia mbugani siku hiyo. Kurudi panda basi au matatu. Ni kama kilomita 150 tu. Anayetaka kupiga kambi ajue pia kwamba mtungi wa gesi na visu haviruhusiwi kwenye treni.

Kuhusu malazi, kuna aina nne, na si zote zinafaa kila mtu.

Loji zilizo ndani, kama Voi Safari Lodge iliyojengwa mlimani juu ya madimbwi ya wanyama, au Ashnil Aruba kando ya bwawa lililochimbwa mwaka 1952, zinauza mandhari na kuamka tayari uko mbugani. Zina thamani kwa anayepanga kukaa barazani alasiri nzima akitazama ndovu wakija kunywa. Kwa anayezunguka na gari kutwa, ni pesa ya kulipia kitanda tu. Tena kumbuka, risiti ya kiingilio ina muda wake. Isome kabla hujaongeza usiku wa pili, kwa sababu usiku huo unaweza kuja na kiingilio kingine.

Loji za ukingoni ndizo tunazozipa alama ya juu kwa familia yenye wazee au watoto wadogo. Voi Wildlife Lodge iko nje ya mpaka wa mbuga na ina dimbwi linalotembelewa na wanyama, kwa hiyo unakaa ukawatazama bila kiingilio cha KWS, shirika la serikali linalosimamia mbuga. Siku ya kufika ipitisheni hapo, kiingilio mkilipie siku moja tu.

Gesti za mjini Voi ndizo za bei ya chini kabisa, na lango liko kilomita chache tu kutoka mjini. Angalia mambo matatu kabla ya kulipa: neti nzima, maji yanayotoka bombani jioni (si asubuhi peke yake), na umbali kutoka barabara kuu, kwa kuwa malori ya Nairobi hayalali. Kisha waambie usiku ule ule kwamba mtaondoka saa 11 alfajiri, la sivyo mtamkuta mlinzi ameshika kufuli na ufunguo anao mwingine.

Kambi ya Ndololo ya KWS, karibu na lango la Voi, ina vyoo na maji lakini haina ua. Ndovu hupita katikati ya mahema. Ada ya kambi inalipwa juu ya kiingilio, kwa kila kichwa kila usiku, kwa hiyo usidhani ni bure. Chakula kisilale ndani ya hema, hata ndizi moja. Kwa vijana wenye mahema yao na gari lao, hakuna usiku mzuri zaidi ya huo Tsavo.

Ukipiga simu lojini, uliza moja kwa moja: bei ya mkaazi kwa shilingi, watu wawili chumba kimoja, kodi zote zikiwa ndani. Bei ya dola iliyo kwenye mitandao ya kuhifadhi vyumba mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Na neno "kodi" lina uzito: VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2, kwa hiyo chumba cha 10,000 "kabla ya kodi" kinakuwa 11,800. Ukichukua milo yote mitatu na mchana mtakuwa njiani, agiza chakula cha kufungiwa usiku wa kuamkia safari. Asubuhi hawatakuwa nacho, na chakula cha mchana mlichokilipia kitabaki lojini. Pasaka, Agosti na wiki mbili za mwisho wa Desemba ni ghali kila mahali. Mei na Novemba loji hushusha bei, lakini nyasi huwa ndefu, maji yametapakaa na wanyama wametawanyika. Sisi tungechagua Juni mwanzoni au katikati ya wiki mwezi Februari: kumekauka, ndovu wako majini, na vyumba bado vinazungumzika.

Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali; pesa taslimu hazipokelewi. Lipa ukiwa Mombasa kwenye mtandao mzuri, uihifadhi risiti kwenye simu na uchapishe nakala. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chenyewe, si picha. Asiye nacho anaweza kuhesabiwa kwenye kundi la bei ya juu. Watoto wana bei yao, mbebee kila mmoja cheti cha kuzaliwa.

Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja, vikombe na mirija haziingii mbugani. Wengi hunyang'anywa katoni nzima langoni na kuishia kununua maji lojini. Jaza dumu la lita 20 nyumbani na kila mtu awe na chupa yake ya bati. Pilau kwenye hotpoti, mahamri na mbaazi, mayai ya kuchemsha: hivyo vinatosha kutwa. Kuleni pale tu panaporuhusiwa kushuka, kama maporomoko ya Lugard, na mmoja wenu asimamie nyani. Mawe ya pale huteleza, watoto washikwe mkono.

Njia tunayoipendekeza: kuwa lango la Voi linapofunguliwa saa 12 asubuhi, mfuate mto Voi kuelekea bonde la Kanderi huku simba wakiwa bado wanatembea, kisha Aruba, kama kilomita 30 kutoka langoni. Adhuhuri ndovu wako bwawani, kaeni hapo msikimbizane. Mto Galana na maporomoko ya Lugard ni vya kundi lenye siku mbili. Ukivibana vyote ndani ya siku moja utaona vumbi tu, kwani mwendo wa mwisho ni kilomita 40 kwa saa. Mwenye gari la Mombasa atoke kwa lango la Bachuma, kama kilomita 100 tu kutoka nyumbani. Ondokeni Aruba saa 9 na nusu alasiri, msiongeze dakika, kwani magari yanatakiwa kuwa nje saa 12 jioni, na malori ya Mariakani usiku ni safari nyingine.