Rhode Island Red au Plymouth Rock?
Wote ni kuku wa zamani wa Marekani: Plymouth Rock alitambuliwa rasmi mwaka 1874, mwenzake 1904. Wote hutaga mayai ya kahawia, basi hapo hakuna ubishi.

Rhode Island Red ni mwekundu wa kukolea, mkia mweusi unaong'aa kijani. Anapendeza, ila ni mbabe. Ukimchanganya na kuku wapole, weka vyombo vya chakula sehemu tofauti, la sivyo wenzake watabaki na makombo. Na baadhi ya majogoo wake hawaoni haya kumrukia mwenye banda.

Plymouth Rock wa milia ana mistari myeusi na myeupe katika kila unyoya. Jogoo huonekana mweupe zaidi kuliko mtetea, na dalili huanza mapema: kifaranga ni mweusi mwenye doa jeupe kichwani, na la jogoo kwa kawaida ni kubwa, limetawanyika. Rhode Island Red hakurahisishii hivyo. Isitoshe, huyu wa milia ni mtulivu, huzoea kushikwa. Nyumba yenye watoto wadogo, ningemchukua yeye bila kusita.